Kamba ya Mkwe

Kwaru, kwaru, kwaru. Kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, likikwangua ubao wa chini wa mtumbwi. Kokulinda alikuwa na miaka tisa, amechuchumaa mbele ya magoti ya baba yake. Walikuwa wametoka Kemondo asubuhi, na nchi kavu ilikuwa imeshapotea nyuma yao. Kazi yake ilikuwa moja: kuchota maji yanayoingia na kuyarudisha ziwani. Baba yake hakumwambia kwamba wako hatarini. Alimwambia tu, "Nisiache kulisikia hilo kopo."

Sasa ana miaka hamsini na nane. Anaishi Butimba, nyuma ya chuo cha ualimu, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, mwalimu Rugemalira. Anashona sare za shule barazani, ana migomba sita aliyoileta ikiwa michanga kutoka kwao Bukoba, na jioni husali rozari akiwa amekaa kwenye kigoda, uso umeelekea ziwani. Kati ya watoto wanne aliowazaa amebaki na mmoja, Winnie. Wale watatu hawakuchukuliwa na ziwa. Waliondoka kwa homa, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wadogo wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo Winnie hakufundishwa kuogelea. Alikatazwa hata kusogelea maji.

Winnie huyo aliolewa na Chenge, Msukuma wa Misungwi, mtoto wa wafugaji. Alikuwa kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na alipokuja kuoa, baba yake alileta ng'ombe wazuri. Mwaka wa tatu wa ndoa ugonjwa ukaingia zizini kwao, na lile kundi la ng'ombe likaisha kama moshi. Chenge akahamia Buhongwa, akawa anabeba zege kwenye majengo ya watu. Winnie alisema mumewe akilala huita majina ya ng'ombe.

Jumatatu moja ya Agosti Winnie alifika kwa mama yake bila kubisha hodi.

"Mama, tumenunua mtumbwi."

Kokulinda aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Mtumbwi wa nini?"

"Wa tanga. Umeshatumika, lakini mzima. Jumamosi tunahamia kisiwa cha Kome. Binamu yake Chenge ametuwekea nafasi kambini, kutega sangara kwa ndoano. Tusipofika Jumamosi nafasi anapewa mwingine."

"Nani anayejua ziwa kati yenu?"

"Tutajifunza."

"Mtajifunzia wapi, mwanangu? Katikati ya maji?"

Winnie alishika kanzu iliyokuwa haijamalizwa pindo, akaikunja, akaikunjua. "Mama," alisema, "hajacheka miaka miwili. Tangu auone huo mtumbwi anacheka."

Kokulinda alijua hawezi kumzuia. Binti aliyeshaolewa huenda anakokwenda mumewe, na Jumamosi ilikuwa siku tano mbele. Kilichobaki mikononi mwake ni mtumbwi wenyewe. Akajifunga kitenge cha pili kiunoni, akateremka ufukweni kuuona.

Ulikuwa na urefu wa hatua nane. Mbao zilizibwa kwa vipande vya bati na lami, na tanga lilishonwa kwa viroba vya unga, maandishi yake bado yanasomeka. Nanga ilikuwa jiwe ndani ya kipande cha wavu, limefungwa kwa kamba ya katani kwenye ubao wa kukalia. Aliyeuuza alikuwa bado yupo, anakusanya makasia yake, na alipomwona mama akiligusa lile jiwe kwa mguu akacheka. "Mama, jiwe halijawahi kukataa kuzama."

Chenge naye alikuwapo. Alipomwona mkwe wake akiteremka, alihamia nyuma ya tanga lililoning'inia, uso ameupeleka upande wa maji, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Huo ndio ulikuwa urefu wa mazungumzo yao tangu siku ya mahari. Kwao Kokulinda mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na nyumbani kwa kina Chenge heshima hiyo ilikazwa zaidi. Mama mkwe hatazamwi usoni. Huli naye, humpiti karibu njiani, na neno lake kwako hupitia kwa mkeo. Miaka mitano walikuwa wameishi hivyo, na hakuna aliyeona uzito wake, kwa sababu hapakuwa na jambo la haraka la kuambiana.

"Winnie," alisema Kokulinda, "muulize mwenzako nanga iko wapi."

Chenge alikuwa hatua nne kutoka pale.

"Mama anauliza nanga iko wapi."

"Mwambie mama, nanga ni lile jiwe."

"Anasema ni lile jiwe."

"Nimesikia. Mwambie jiwe litateleza kwenye miamba. Muulize majaketi okozi yako wapi, na kitu cha kutolea maji."

"Mama anasema jiwe..."

"Mwambie mama nimesikia. Mwambie hayo hayapo."

Venant, fundi wa mitumbwi, alikuwa anachonga ubao pembeni. Alicheka mpaka patasi ikamtoka mkononi. Yeye ni mtu wa Bukoba vilevile, anaujua ukwe, lakini mdomo wake haujawahi kupumzika. "Jamani, mnapiga simu ya kimataifa? Salio litawaishia!"

"Wewe Venant nyamaza," Kokulinda alisema. "Una mvule?"

"Mvule upo. Wa kazi gani?"

"Nguzo ya kufungia nanga. Ubao wa kukalia haushiki mtumbwi kwenye upepo. Utang'oka na makalio ya watu juu yake."

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumanne alikuwa wa kwanza kufika Buhongwa, kwenye kibanda cha Nathaniel anayechomelea vyuma kando ya barabara ya Shinyanga. Alimchorea kwa kijiti kwenye vumbi: bomba moja la maji, na makucha manne ya nondo yanayotazama juu.

"Mama, mimi natengeneza mageti," Nathaniel alisema, akikaza macho kwenye mchoro.

"Basi nitengenezee geti la kumzuia mwanangu asipotee."

Nathaniel alimtazama mara moja, hakucheka, akavaa miwani yake ya giza. Mchana nanga ikawa tayari, bado ya moto, inanuka chuma kilichoungua. Aliiunganisha na mnyororo wa pima tatu za mikono ya mtu, uliotoka kwenye ubavu wa lori bovu. Kokulinda alimweleza kwa nini: mnyororo hulalia chini na kuilaza nanga, ili kucha liume mchanga badala ya kuning'inia. Nathaniel akasema, "Kumbe ni kama ndoano." Kokulinda akasema, "Ni kama ndoano, ila aliyenasa ni wewe."

Kutoka hapo akapanda gari hadi Kirumba kutafuta kamba. Alikataa ya kwanza, akakataa ya pili. Ya tatu ilikuwa ya nailoni, nyeupe, nene kama dole gumba, mita hamsini kamili. Aliivuta mbele ya muuzaji hatua kwa hatua akiipitisha kiganjani, akitafuta mahali palipochubuka. Hapakuwapo. Akaibeba begani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kamba hiyo Winnie ndiye aliyempelekea mumewe. Chenge alipiga magoti kwenye mchanga, akaipokea kwa mikono miwili. Bibi yake huko Misungwi alimlea akimwambia kwamba alichopewa mtu na mkwe wake hakiuzwi, hakigawiwi, wala hakipigwi kisu. Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie mama asante. Mwambie watu wamenipa vitu vya kuishi navyo. Hajatokea mtu wa kunipa kitu cha kunizuia nisife."

Winnie alipomfikishia mama yake maneno hayo, Kokulinda aligeukia ukutani na kujifanya anatafuta sindano.

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Alikuwa amenunua majaketi okozi mawili kwa mchuuzi mmoja, ya rangi ya machungwa, yana filimbi na mikanda, mazuri kwa macho. Lakini baba yake hakuwahi kuamini kitu cha majini kilichokaguliwa nchi kavu. Alikwenda mahali wanawake wanapofulia, akaingia ziwani na nguo zake mpaka shingoni, akalifunga jaketi moja kwenye ndoo iliyojaa mchanga, akaliachia.

Lilielea. Lilielea kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha likaanza kunywa lenyewe. Rangi ya machungwa ikashuka polepole, ikawa kahawia, ikawa kivuli, ikapotea. Alilitafuta kwa miguu, akalivuta, akalipasua kwa meno pale pale. Ndani mlikuwa na vipande vya godoro.

La pili lilikuwa vivyo hivyo.

Alikaa juu ya jiwe, maji yakimtiririka, na wanawake wa kufua wakaacha kufua. Mmoja aliuliza, "Mama Winnie, kuna msiba?" Kokulinda alitikisa kichwa. Angewaambiaje kwamba bado haujatokea, kwamba ameushika mkononi na kuukamua maji? Alikuwa anawaza kitu kimoja: kama asingejaribu. Winnie angelivaa hili jaketi. Angelifunga kifuani na kuliamini.

Baadaye alinyanyuka. Alipita kwa wavuvi mmoja mmoja akiomba maboya ya nyavu, yale madogo ya plastiki yasiyonyonya maji. Aliyempa matano alimpa matano, aliyempa mawili alimpa mawili, na Venant alimpa kofia nzima iliyojaa. Akalirarua jaketi la kwanza, akashona ndani yake vijifuko vidogo, kila boya na kifuko chake, mistari mitatu kifuani na miwili mgongoni. Ilimchukua mchana wa Jumatano na asubuhi yote ya Alhamisi. Akarudi nalo majini pamoja na ndoo ya mchanga, akaliangalia mpaka jua likahama. Halikuzama. Lakini lilikuwa moja. Maboya ya la pili hayakutosha.

Alhamisi hiyo Venant alisimika nguzo. Aliipitisha mbele ya mtumbwi, akaikaza kwa bolti nne na vipande vya chuma pande zote mbili za mbao, kisha akaitingisha kwa mwili wake wote. Mtumbwi ulitikisika, nguzo haikutikisika. Winnie alileta ndoo ya kutolea maji, akaifunga kwa kamba fupi isielee mbali. Ikabaki kufunga kamba ya nanga.

"Nitaifunga mwenyewe," Chenge alisema.

Wavuvi walisogea kutazama. Wiki nzima walikuwa wanamchokoza. Aliposhika kasia walimuuliza kama ni fimbo ya kuchungia. Alipopandisha tanga walimwambia mlango wa zizi uko upande wa pili. Sasa mmoja alimwita kwa jina la utani la Wasukuma, "Ngosha, unafunga nanga au dume la mbegu?"

Chenge aliizungusha kamba kwenye nguzo, akaipitisha chini, akairudisha juu ya yenyewe, akaivuta kwa mguu. Mikono yake, iliyokuwa inahangaika na kila kitu cha ziwani, hapo haikuhangaika. Aligeuka kwa yule mvuvi, akacheka meno yote. "Dume la baba yangu liliwahi kung'oa nguzo ya zizi, likaondoka nayo mpaka mtoni. Nguzo iling'oka. Fundo lilibaki."

Wakamshangilia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kokulinda aliteremka walipokwisha kuondoka, akaliona. Alilishika, akalikandamiza kwa kidole. Lilikuwa fundo zuri. Lilikuwa fundo la mtu aliyekulia penye mifugo: kadiri mnyama anavyovuta ndivyo linavyojikaza, mpaka mnyama achoke. Lakini ziwa halichoki. Na kuna siku mtu anataka nanga yake imwachie, tena upesi, siku yanapokuja magugu maji. Upepo huyang'oa pwani moja na kuyapeleka nyingine, shamba zima linatembea juu ya maji. Likikutana na kamba ya nanga hulalia kamba hiyo na kuivuta, na kichwa cha mtumbwi huanza kuinama. Watu wa ziwani huizungusha kamba kwenye nguzo na kuifunga kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvuta ncha, na kwenye ncha hufunga dumu tupu. Magugu yakija wanavuta, wanaitupa yote, wanakimbia. Kesho yake wanalifuata dumu linakoelea na kuichukua nanga yao.

Alimkuta Winnie nyumbani akifunga vyombo kwenye gunia.

"Lile fundo haliwezi kufunguka likishavutwa. Mwambie alibadilishe leo. Dumu nimeshaliosha, lile la njano. Mwambie magugu yakija atakuwa na nusu saa, pengine hana hata hiyo."

"Nitamwambia."

"Usimwambie kwa kuzungukazunguka. Mwambie mama amesema litawaua."

"Nitamwambia, mama."

Winnie alikwenda kumwambia. Alimkuta Chenge nje ya chumba chao cha kupanga, anamsimulia jirani habari ya fundo na dume la baba yake, anaonyesha kwa mikono, anacheka. Winnie alisimama na lile neno mdomoni. Kila kitu katika mtumbwi ule kilikuwa kimetoka kwa mama yake au kwa Venant. Kitu kimoja tu kilikuwa cha mumewe. Akajisemea atamwambia wakifika Kome, wakiwa wawili, bila macho ya watu.

Jioni mama yake alipouliza, alisema, "Nimemwambia. Atalibadilisha."

Ijumaa Kokulinda aliomba jambo la mwisho: waijaribu nanga kabla ya safari. "Mwambie mama tutajaribu hata mara kumi," Chenge alijibu. Yeye Kokulinda asingeweza kupanda. Mtumbwi wa hatua nane hauna mahali pa mkwe kugeuzia uso. Alisimama juu ya mwamba, saa tisa alasiri, viatu mkononi; kutoka pale fundo halikuonekana. Aliona Chenge akimvalisha Winnie lile jaketi moja, akimkazia mikanda mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alibaki na fulana.

Walitoka kama hatua mia na hamsini, wakashusha tanga, wakatupa nanga. Kamba ilitiririka, ikalegea, ikakaza. Mtumbwi ukageuza uso kuutazama upepo, ukasimama kama mtu aliyeitwa.

"Mama Winnie!" Venant alipiga mluzi. "Hiyo inazuia hata meli!"

Kokulinda alivuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu Jumatatu. Winnie alimpungia mkono.

Kisha upepo ukaongezeka, ukaanza kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema, na nyuma ya rasi ya mawe yakatokea magugu. Yalikuja kimya. Yalikuwa mapana kuliko uwanja wa mpira, kijani kibichi, na maua yake ya zambarau yalisimama wima kana kwamba yamepandwa. Wengine ufukweni walikuwa bado wanataniana.

"Winnie!" Kokulinda alipiga kelele. "Mwambie aachie kamba!"

Safari hii Winnie alifikisha ujumbe wote. Chenge alikwenda mbele, akainama kwenye nguzo. Wakamwona akivuta. Wakamwona akipiga goti, akitumia vidole, kisha meno. Magugu yalifika kwenye kamba, yakasimama kidogo, yakaanza kurundikana juu yake, na kichwa cha mtumbwi kikainama kama kinachokunywa maji. Maji yakapanda juu ya ubao. Winnie alishika ndoo, akaanza kuchota nyuma. Hakuweza kumfuata mumewe. Uzito wa wawili ungekizamisha kile kichwa kabisa.

"Kata!" wanaume wakaanza kupiga kelele. "Ngosha, una kisu! Kata kamba!"

Kisu kilikuwa kiunoni, kile cha kuchungia. Alikichomoa. Wote waliona kikimetameta. Akaitazama ile kamba nyeupe, akakirudisha, akaanza upya kulitafuna fundo.

"Anafanya nini?" Venant aliuliza. "Huyu mtu anafanya nini?"

Sauti ya Winnie ilikuja vipande vipande juu ya upepo. "Mama! Anasema ni kamba yako! Anasema hawezi kukata kamba ya mkwe wake!"

Kokulinda alielewa yote kwa pamoja. Neno lake la jana halikufika. Na kamba aliyoibeba begani kutoka Kirumba, aliyoipapasa yote akitafuta mchubuko, ndiyo inayowazamisha, kwa sababu imetoka kwake.

"Chenge!" aliita. Hakuwa amewahi kumwita jina. "Chenge, kata!"

Chenge alisikia. Walimwona akisikia. Akafanya alichofundishwa kufanya mama mkwe anaposema naye: akageuza uso, akauficha begani, mikono bado inahangaika na fundo.

Kokulinda alikuwa ameshaingia majini. Akakishika kimtumbwi chembamba cha Venant, kile cha makasia. "Twende."

"Mama, ule ukipinduka utatupindua na sisi."

"Twende, Venant."

Venant aliacha maneno, akashika kasia. Walikwenda wakitokea nyuma, upande ambao magugu yalikuwa hayajafika. Hewa ilinuka matope na majani yaliyooza. Walipompita Winnie maji yalikuwa magotini mwake, jaketi la vijifuko limemvimba kifuani. Lingemwinua, ndiyo. Lisingemtoa kwenye mizizi ile.

"Sikumwambia, mama," Winnie alisema. Analia, anachota, anamwaga. "Fundo. Sikumwambia."

"Usiache kuchota."

Wakafika mbele. Chenge alikuwa ameikumbatia nguzo. Midomo yake ilikuwa inavuja damu, kucha mbili zimeng'oka, na magugu yalikuwa yameshapanda juu ya mbao, yanamgusa kifua. Alipouona mkono wa mkwe wake umeshika ukingo wa mtumbwi alijikunyata, akauficha uso kwenye kiwiko. Hakukuwa na mtu wa kumpelekea maneno. Akayasema hivyo hivyo, akiyaambia majani: "Mwambieni mama asisogee. Mwambieni nitalifungua. Nipeni kidogo tu, nitalifungua."

Venant hukisimulia kisa hiki ufukweni mpaka leo, na kila mara hukiongezea kitu. Mara mama alimzaba mkwe wake kofi. Mara alimnyang'anya kisu. Hakuna kofi lililopigwa. Kisu kilikuwa mkononi mwa Chenge mwenyewe, kikapita mara tatu, na kamba ikaruka kama nyoka na kutoweka chini ya kijani. Ikaondoka na nanga ya Nathaniel na mnyororo wa lori. Mtumbwi uliinua kichwa kwa kishindo. Magugu yaliwasukuma wote wanne hadi mchangani, mtumbwi umepasuka ubao wa mbele na kujaa maji nusu. Jumamosi hawakwenda Kome, na nafasi ile alipewa mwingine. Wiki zile zilizofuata Chenge alirudi kubeba zege, na Winnie hakuweza kumtazama mama yake bila kuanza kulia.

Lakini kabla ya kisu kulikuwa na neno, na Venant halisemi kwa sababu hakulisikia, ingawa alikuwa mkono mmoja tu kutoka pale. Kokulinda aliacha ukingo. Akanyoosha mkono juu ya magugu, akaweka kiganja kwenye shavu la mkwe wake, akaugeuza ule uso mpaka ukamtazama. Macho ya kijana yalikuwa mekundu na ya kitoto kuliko alivyodhani. Hakupaza sauti. Alisema kama anayemwamsha mtoto mwenye homa ili anywe dawa.

"Kata, mwanangu. Nitanunua nyingine."